Mhusika yuko Hamburg, mwandishi yuko Mwanga: utafiti uanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Mwanga, Kigoma, na ninaandika riwaya yangu ya kwanza. Mhusika mkuu ni Hamisi, fundi wa injini za meli kutoka Ujiji, anayepelekwa Hamburg, Ujerumani, kwa mafunzo ya miezi mitatu, Januari hadi Machi 2019. Mimi safari yangu ya mbali kabisa ni Bujumbura. Nina simu, bando la wiki, na rafiki mwenye kompyuta. Nimesoma mengi kuhusu Hamburg, lakini kila nikiandika inatoka kama kipeperushi cha watalii. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Umeutafiti mji, hujamtafiti Hamisi akiwa ndani ya huo mji. Mtalii akifika Hamburg anaangalia jumba la muziki la Elbphilharmonie na maghala ya matofali mekundu ya Speicherstadt. Fundi wa Ujiji mwenye begi moja na simu iliyobaki asilimia nne ana shida nyingine: chaja yake ina pini tatu bapa kama zetu, na soketi ya Kijerumani ni ya duara, ya pini mbili za mviringo. Haiingii. Maduka yamefungwa, na mama yake Ujiji anasubiri kusikia kama amefika salama. Hapo tayari una ukurasa mzima, na hujataja jengo hata moja.

Kwa hiyo funga kwanza kurasa za utalii. Chukua daftari uandike siku ya kwanza ya Hamisi saa kwa saa: anaingiaje kwenye nyumba, anakula nini, analipaje, anaswali wapi, anakwendaje kazini, anampigiaje mama simu. Kila penye kitu usichokijua, weka alama, hata XX tu, uendelee. Hizo alama ndizo orodha yako ya utafiti. Zitatoka kama 30 au 40, na nyingi utazijibu kwa wiki mbili za jioni.

Anza na tarehe, kwa sababu zinabeba mengi kuliko unavyodhani. Januari hadi Machi 2019 ni siku 31, 28 na 31, jumla 90. Visa ya muda mfupi ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, Ujerumani ikiwemo, inaruhusu siku 90 ndani ya siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Hamisi akitua Januari mosi, lazima awe ametoka Machi 31. Akilala hadi Aprili mosi amevunja masharti. Na Machi 31, 2019 ilikuwa Jumapili ambayo Ujerumani walisogeza saa mbele: ikifika saa nane usiku inakuwa saa tisa papo hapo. Mtu aliyetegesha kengele ya saa ya mezani badala ya simu anapitwa na ndege siku hiyo hiyo visa inapokwisha. Sikulazimishi uitumie, ila ona kalenda peke yake ilivyokutengenezea mwisho wa riwaya.

Januari mosi nayo ina mambo yake. Ni sikukuu, maduka yamefungwa, na njia za miguu zimejaa mabaki ya fataki za usiku wa mwaka mpya. Jumapili zote ni hivyo hivyo: supamaketi hazifunguliwi, isipokuwa maduka machache kama yale ya ndani ya stesheni kubwa. Mtu wa Kigoma aliyezoea kutuma mtoto dukani Jumapili jioni akalete sukari atakutana na jambo hili wiki ya kwanza, na litamuuma tumboni.

Sasa nije kwenye kosa linalowaumbua waandishi wengi. Jina la mtaa likikosewa, linarekebishwa kwa dakika moja. Kazi ngumu ni kuyaona mambo uliyoyabeba kutoka nyumbani bila kujua kuwa umeyabeba. Kubwa kuliko yote ni mwanga wa jua.

Kigoma jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, mwaka mzima, na likishazama giza linaingia ndani ya dakika ishirini na kitu. Ukiandika "ilipofika saa moja asubuhi", kichwani mwako pameshapambazuka. Hamburg Januari mosi jua linachomoza saa mbili na dakika 37 asubuhi na kuzama saa kumi na dakika 10 jioni. Hamisi anatoka nyumbani gizani, anafanya kazi, na anarudi gizani. Mwisho wa Machi, saa zikishasogezwa, jua linatoka saa moja kasoro na kuzama saa mbili kasoro usiku: mchana umetoka saa saba na nusu ukawa karibu saa 13 ndani ya miezi yake mitatu. Mabadiliko hayo yanatakiwa yaonekane sura kwa sura, hata kama hakuna mhusika anayeyasemea.

Jua lenyewe liko chini. Mwanzoni mwa Januari, adhuhuri, limepanda kama nyuzi 13 na nusu tu juu ya upeo, kwa hiyo mtu wa mita 1.7 ana kivuli cha mita 7 mchana kweupe. Na kama Hamisi wako anaswali, kama walivyo wengi Ujiji, adhuhuri inaingia karibu saa sita na nusu mchana na magharibi saa kumi na robo. Swala tatu zinajipanga ndani ya saa nne, zote ndani ya muda wa kazi. Ataomba ruhusa kwa nani? Ataswalia wapi, karibu na makabati ya nguo za kazi? Hilo ni onyesho, na ni Hamisi tu anayeweza kukupa. Msafiri wa kipeperushi hana habari nalo.

Saa za masimulizi, ziache za Kiswahili. Ratiba ya treni imeandikwa 07:14, Hamisi anaisoma na kusema saa moja na dakika kumi na nne. Tofauti na Kigoma ni saa mbili hadi Machi 30, na saa moja kuanzia Machi 31. Simu ya mama lazima ifuate hesabu hiyo.

Kuhusu theluji: usiimwage. Hamburg Januari wastani wa joto uko nyuzi moja au mbili juu ya sifuri, na mara nyingi zaidi utapata manyunyu, upepo na wingu zito. Theluji huanguka, lakini si lazima ikae. Idara ya hali ya hewa ya Ujerumani, Deutscher Wetterdienst, imeweka kumbukumbu zake wazi mtandaoni; unaweza kuona siku fulani ya Februari 2019 ilinyesha au la. Fanya hivyo kwa siku tatu au nne zenye matukio makubwa tu. Ukiangalia zote 90 unapoteza bando.

Halafu maji. Hapa una utajiri kuliko mwandishi wa Dodoma, kwa sababu mhusika wako ni mtu wa bandari. Hamburg ni bandari kubwa, lakini haiko baharini. Iko kwenye mto Elbe, kama kilomita 100 kutoka mdomo wa mto. Hata hivyo bahari inaufikia: maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, tofauti ya zaidi ya mita tatu. Mtu wa Tanga au Bagamoyo asingeona ajabu. Hamisi amekulia kando ya Tanganyika, ziwa ambalo kina chake hubadilika kwa misimu na miaka. Bandari inayopanda na kushuka kabla ya chakula cha mchana hajaiona. Ndiyo maana gati la Landungsbrücken, lenye urefu wa karibu mita 700, linaelea, na madaraja ya kushukia yameegeshwa juu yake ili yafuate maji.

Linganisha. Kipeperushi kinasema: "Hamisi alifika Landungsbrücken, gati maarufu la mita 700 kando ya mto Elbe. Upepo wa baridi ulikuwa ukivuma." Jaribu hivi:

"Jana daraja la kushukia gatini lilikuwa karibu tambarare. Leo lilikuwa limeinama hadi akashika reli. Ukuta wa mawe ulikuwa umelowa, na utando wa kijani umepanda juu ya kichwa chake. Watu walipita na kahawa zao, hakuna aliyeangalia. Siku ya tatu alipata ujasiri wa kumuuliza msimamizi: haya maji, anayeyafungulia ni nani?"

Hakuna takwimu humo, lakini huwezi kuyaandika bila kuijua ile tofauti ya mita tatu. Ila sasa una kazi ya kulinda ukweli wake. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku yanachelewa kama dakika 50. Jumatatu saa mbili asubuhi yakiwa yamejaa, Jumatatu inayofuata saa hiyo hiyo yako karibu na kupwa. Ukiandika kila asubuhi daraja limeinama, msomaji wa Zanzibar atakukamata kabla ya Mjerumani. Jedwali za maji hutolewa na ofisi ya serikali ya BSH, ambayo makao yake yako huko huko Hamburg.

Na jihadhari na kumbukumbu za upande wa nyumbani. Maji ya Tanganyika yalipanda sana 2020 na 2021 hadi kuingia sehemu za bandari. Hamisi wa 2019 hawezi kuyakumbuka, bado hayajatokea. Waandishi huchunga miaka ya ugenini, wakateleza kwenye ya kwao.

Kwa makazi, ningemweka Wilhelmsburg. Ni kisiwa katikati ya Elbe, wahamiaji ni wengi, na treni ya S3 inamtoa hapo hadi Landungsbrücken bila kubadilisha, karibu robo saa. Stesheni hazina mageti ya kukagua tiketi. Unaingia tu, halafu wakaguzi waliovaa nguo za kawaida wanaweza kuinuka ghafla ndani ya behewa. Faini ilikuwa euro 60. Wilhelmsburg ndiyo iliyoumia zaidi usiku wa Februari 16 kuamkia 17 mwaka 1962, kingo za mto zilipopasuka kwa dhoruba. Hamburg ilipoteza watu 315. Hamisi atakuwa hapo Februari. Mwenye nyumba mwenye miaka 70 na kitu alikuwa kijana wakati huo. Unaona hadithi inavyojileta.

Kutoka Landungsbrücken kuna njia ya chini ya mto, Alter Elbtunnel, iliyofunguliwa 1911: unashuka mita 24 kwa ngazi au lifti, unatembea mita 426, dakika tano au sita, bure, kuta zina vigae na michoro ya samaki iliyochongwa, unatokea Steinwerder kwenye karakana za meli. Karakana ya Hamisi iweke huko, lakini itunge. Mtaa uwe wa kweli, kampuni iwe ya kwako, hasa kama kuna bosi mbaya au ajali. Ukitumia jina la kampuni iliyopo umejitafutia kesi, na pia umejifunga mikono, maana kila mlango na kila zamu itabidi iwe sawa na ya kwao.

Tunneli hiyo inakuonesha pia kwa nini "Hamburg" haitoshi, lazima "Hamburg ya 2019". Ina mirija miwili. Wa mashariki ulifungwa miaka mingi kwa ukarabati, ukafunguliwa tena Aprili 2019, Hamisi akiwa ameshaondoka. Basi yeye anapita wa magharibi. Picha ya mwaka jana unayoiona kwenye simu inaweza isiwe njia aliyopita.

Na picha za mitaani za Google zina mtego hapo hapo. Ujerumani huduma hiyo ilifunguliwa 2010 kwa miji 20 mikubwa, watu wengi wakaomba nyumba zao zifunikwe kwa ukungu, kampuni ikaacha kuongeza. Picha mpya zilianza kuwekwa 2023. Kwa hiyo 2019 katikati hapo ni pengo. Tumia Mapillary, ambako watu binafsi hupakia picha za barabarani na kila moja ina tarehe. Chuja 2018 na 2019. Kwa ramani, pakua Organic Maps au OsmAnd mara moja ukiwa kwenye waifai, baada ya hapo zinafanya kazi bila bando. Video za watu wanaotembea mitaani weka kwenye ubora wa chini kabisa, kwanza uilaze simu kifudifudi usikilize sauti tu, ndipo uangalie. Utasikia vitu ambavyo jicho linaviruka, na utagundua kimoja kisichokuwepo: honi. Tazama tarehe ya kurekodi, si ya kupakia.

Ramani haikuoneshi ndani ya nyumba, na riwaya inaishi ndani ya nyumba. Haya machache ni ya uhakika. Maghorofa ya Ujerumani kwa kawaida hayatumii namba za vyumba: kengele ya mlango wa nje ina majina ya ukoo, na sanduku la barua vile vile. Hamisi akipanga chumba kwa mtu bila jina lake kubandikwa pale, barua yake inarudi ilikotoka. Dirisha halina nondo wala vioo vya kupishana. Lina kitasa kimoja: kikielekea chini limefungwa, kikilala linafunguka kama mlango, kikielekea juu linainamia ndani kwa juu na kubaki hivyo. Anayeligusa mara ya kwanza anadhani limeng'oka. Baada ya saa nne usiku kelele haziruhusiwi, na jirani atasema. Chupa ya plastiki ya maji inaongezewa senti 25 za amana, unazirudishiwa ukiingiza chupa kwenye mashine dukani. Ndiyo maana utaona wazee wakipekua mapipa ya taka na tochi. Hamisi akilielewa hilo bila kuelezwa, msomaji atalielewa naye.

Chakula atakipata Steindamm, mtaa wa St. Georg nyuma ya stesheni kuu, kwenye maduka ya Waturuki, Waafghani na Waarabu. Mawese yapo, ila mara nyingi kwa maduka ya Waghana, ambao ni jamii kubwa ya siku nyingi Hamburg. Migebuka, samaki wa kwao Tanganyika, asahau.

Sasa watu. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, na wataalamu wamekuwa wakibadilishana, kwa hiyo huhitaji kumpata mtu aliyeko Ujerumani tu. Dar kuna walioishi huko. Ukimpata, usimuulize "Hamburg ikoje?" Atakujibu ni pazuri, pana baridi, watu wako bize. Muulize: Jumapili ya kwanza ulikula nini, ulikinunua wapi? Nani alikuwa wa kwanza kukusalimia, na ulijuaje kuwa ni salamu? (Wa Hamburg husema "Moin" asubuhi hadi usiku na kupita zake; Hamisi bado amesimama anasubiri za nyumbani.) Ulipotea wapi? Kuhusu hilo la kupotea, kuna jibu ambalo wengi watakupa: treni ya S1 ya kwenda uwanja wa ndege inakatwa vipande viwili kituo cha Ohlsdorf. Behewa za mbele zinakwenda uwanjani, za nyuma zinakwenda Poppenbüttel. Mweke Hamisi nyuma, Machi 31.

Omba picha za vitu vya kuchosha: kengele ya mlango, tangazo la ngazini, ndani ya friji, tiketi iliyotumika. Watu wawili wanatosha, mradi wasifanane. Mmoja awe amefanya kazi za mikono. Na mwambie mapema kuwa unaandika riwaya, akuchagulie mwenyewe kisichoruhusiwa kutoka.

Nimalize na mtego ambao nina hakika utakuvutia, kwa sababu wewe ni wa Kigoma: meli ya Liemba. Utataka Hamisi aoneshwe karakana ya Hamburg ilikojengwa. Usifanye hivyo. Ilijengwa 1913 na Meyer Werft mjini Papenburg, kwenye mto Ems, karibu na mpaka wa Uholanzi, ikiitwa Graf von Götzen, kisha ikafunguliwa vipande. Kilichopitia Hamburg ni makasha yake, kama 5,000, yaliyopakiwa melini kuja Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Kigoma. Hamisi anaweza kusimama bandarini akawaza makasha. Na kama unataka alama ya historia hiyo ndani ya mji, iko Afrikahaus, mtaa wa Große Reichenstraße, jengo la 1899 la kampuni ya meli ya Woermann: mlangoni kuna sanamu ya shaba ya mpiganaji wa Kiafrika mwenye mkuki, uani tembo wawili. Jinsi mtu wa Ujiji atakavyoitazama sanamu hiyo, hilo huhitaji kumuuliza mtu.

Ukiwa na sura mbili, kama kurasa 15, mtumie mmoja wa wale wawili kabla hujaendelea na ya tatu. Mwambie asisahihishe Kiswahili wala hadithi. Aweke mstari tu pale aliposita. Mistari itakuwa ya aina mbili. "Hii haiwezekani" irekebishe siku hiyo hiyo. "Mimi sikuona hivyo" iache kwanza, maana yeye hakuwa fundi wa Ujiji. Zile XX zitakazokuwa zimebaki mpaka rasimu ya mwisho, futa sentensi zake nzima, usome ukurasa tena kwa sauti, uone kama kuna anayeuliza zilikokwenda.